Ukianzisha kikosi cha skauti shuleni, anza na patroli

Walimu wenzangu wakiniuliza waanzie wapi, wengi huwa wameshaulizia bei ya sare. Sare naipenda, hasa skafu iliyokunjwa vizuri, lakini inaweza kungoja muhula mzima. Patroli, yaani kundi dogo la watoto wenye kiongozi wao, haingoji.

Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipopiga kambi ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, aliwagawa wavulana katika patroli nne, kila moja na kiongozi wake kijana. Skauti wote duniani wametokana na mpango huo. Uskauti uliingia Kenya mwaka 1910, na mwanzilishi mwenyewe akaja kumalizia uzee wake Nyeri, alikofariki Januari 8, 1941. Kila Februari maskauti hukusanyika huko kumkumbuka. Ukipata nauli, wapeleke wako. Kwenye jiwe la kaburi pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya "nimekwenda nyumbani", na watoto waliozoea kufuata alama vichakani huisoma bila kuambiwa.

Chama chetu cha skauti Kenya hupanga wanachama kwa umri, kuanzia wadogo: Sungura, Chipukizi, Mwamba, halafu Jasiri. Tafadhali usiwachanganye eti kwa sababu mwalimu ni mmoja. Sungura anataka michezo na hadithi. Mwamba anataka umpe ramani umwache.

Ndani ya kikosi, weka watoto sita hadi wanane kwa kila patroli, wenye kiongozi na msaidizi wake. Kila patroli iwe na sufuria yake, kamba zake na bendera yake. Kambini wajipikie. Nimeona ugali mbichi ukiliwa kimya kimya mchana, na jioni patroli ileile ikagawana kazi upya: wewe kuni, wewe maji, wewe usibanduke motoni. Hakuna mtu mzima aliyetia neno. Hapo ndipo skauti anapofunzwa, na mwalimu anayekimbilia kushika mwiko anawanyima somo hilo.

Yako ni usalama: ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi kwa maandishi, sanduku la huduma ya kwanza, na walezi wawili au zaidi muda wote. Mengine kaa na viongozi wa patroli kila wiki, wapange wao. Kambi ya kwanza iwe ya usiku mmoja, hata uwanjani pa shule. Rowallan, kambi ya skauti pale Nairobi, mtaenda wakishajua kusimamisha hema gizani.