Haibridi au baiskeli ya mbio? Majibu kwa wanaorudi barabarani

Tangu Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mnamo Septemba 2025, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, wengi wanaoniandikia ni watu waliowahi kuendesha wakaacha, na sasa wanataka kurudi. Nimechagua maswali manne.

Shikamoo. Nina miaka 46, na mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa kidato cha sita. Nataka kwenda nayo kazini kutoka Mwenge hadi Posta, Dar es Salaam. Muuzaji ananishauri ninunue ya mbio kwa kuwa ni nyepesi. Nimsikilize?

Marahaba. Kwa safari hiyo chukua haibridi, yaani ile yenye usukani ulionyooka na matairi mapana kiasi. Wepesi huonekana sana dukani, unapoinyanyua baiskeli kwa mkono mmoja, lakini njia yako ni ya kilomita 10 hivi, haina mlima wa maana, na kinachokuchelewesha humo ni taa, daladala zinazosimama na bajaji zinazokata mbele yako. Tuseme baiskeli ya mbio itakupa mwendo wa kilomita 20 kwa saa badala ya 18: utakuwa umeokoa dakika 3 tu. Kwa dakika hizo utakuwa umeinama muda wote, uzito ukiegemea viganja na shingo, wakati unachohitaji zaidi ni kuinua kichwa uone mbali na kugeuka upesi kutazama nyuma.

Tairi ndilo jambo ambalo wauzaji hulitaja mwisho, nami ningependa litajwe kwanza. Tairi la haibridi lenye upana wa milimita 40, kwa mtu wa kilo 75 hivi, hutosheka na upepo wa paundi 50 hivi, na hulainisha tuta, kokoto na ukingo wa lami uliomomonyoka. Lile la milimita 25 hutaka karibu paundi 90, na kila ufa hukufikia mgongoni. Kwa mtu ambaye misuli na mishipa yake imepumzika kwa miongo miwili, tofauti hiyo ndiyo humfanya aendelee kuendesha hadi mwezi wa pili.

Mimi nilikimbia mbio za baiskeli nikiwa chuoni, kisha nikaacha kwa miaka 12. Marafiki zangu wa Nairobi hupanda kila Jumamosi kwenda Tigoni na Limuru, wote wakiwa na baiskeli za mbio. Je, nianze na haibridi kwanza ili nisijiumize?

Hapana, na nasema hivyo bila kusita. Ukinunua haibridi utaachwa kwenye tambarare na kwenye mteremko, kwa sababu mwendo ukizidi kilomita 25 kwa saa upinzani wa hewa ndio unaokula nguvu zako nyingi, na mwendeshaji aliyekaa wima huukabili kwa kifua kizima. Utavunjika moyo, kisha utanunua ya mbio baada ya miezi mitatu, na pesa ya ile ya kwanza itakuwa imepotea. Lakini chagua ya mbio inayomfaa mtu uliye leo. Njia ya Limuru inakupandisha zaidi ya mita 400 kutoka mjini, na baiskeli za zamani za mashindano zilikuwa na gia za vijana wenye mazoezi: meno 39 mbele na 25 nyuma katika gia nyepesi kuliko zote, ambayo kila mzunguko wa pedali huisogeza baiskeli mita 3.3 hivi. Mlimani, kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, utakuwa unazungusha mara 40 tu kwa dakika, na magoti yatabeba mzigo wote. Tafuta yenye meno 34 mbele na 32 au 34 nyuma, inayopokea matairi ya milimita 28 au zaidi, na yenye usukani ulioinuliwa karibu sawa na kiti.

Pumzi itarudi mapema kuliko kano za magoti, kwa hiyo usiiamini peke yake. Mwezi wa kwanza geuka katikati ya njia, hata kama wenzako wanaendelea.

Ninayo haibridi. Je, fundi anaweza kunifungia usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo?

Anaweza, lakini sikushauri. Breki ndefu za haibridi zinazobana rimu huhitaji waya uvutwe zaidi ya vile vishikio vya baiskeli ya mbio vinavyoweza kuvuta, hivyo breki zitakuwa dhaifu. Isitoshe, fremu yako ni ndefu na usukani huo utakulaza mbele kupita kiasi. Badilisha matairi, weka membamba yasiyo na meno, nawe utaona nafuu.

Nimepata ya mbio ya mtumba kwa bei nzuri. Nikague nini kabla ya kulipa?

Anza na maungio ya fremu, ukiyafuta vumbi na kutafuta nyufa. Ikiwa fremu ni ya kaboni na imepakwa rangi upya, iache. Zungusha magurudumu uone kama rimu inayumba kati ya breki. Jaribu kupandisha na kushusha nguzo ya kiti, maana ikiganda ndani ya fremu hutaweza kuipanga kwa urefu wako. Pima cheni kwa rula, kutoka pini hadi pini: pingili zinazofanya inchi 12 zikizidi kwa 1/8 ya inchi, hesabu kwamba utanunua cheni pamoja na gia za nyuma. Mwisho, tazama nafasi iliyobaki kati ya tairi na fremu. Kama tairi la milimita 25 linakaribia kugusa, huwezi kuweka pana zaidi, na kwa barabara yenye matuta na mashimo bei hiyo si nzuri tena.