Ubuntu imegoma, GB 60 zangu zimeenda wapi? Kwa nyie mnaoanza

Nyie mnaoanza kuweka Ubuntu (ni aina ya Linux, mfumo wa kuendeshea mashine kama ilivyo Windows) pembeni ya Windows, kuna siku itagoma tu, afu ukirudi Windows unakuta C imepungua GB 60, Linux yenyewe hamna na nafasi hamna, na hapo ndo wengi mnaanza kufomati kila kinachoonekana mbele yenu. Tulia kwanza. Nafasi ipo palepale kwenye diski, Windows haijui tu kuisoma.

Mi ilinikuta nikiwa mwaka wa pili chuo, na kimashine cha mtumba cha GB 256 ambacho betri ilishakufa kitambo kinaishi kwa waya. Nikapunguza C kwa GB 60, nikaanza kuinstoli saa tano usiku, nikasahau kabisa kwamba luku imebaki yuniti moja na pointi. Imefika mwishoni mwishoni, giza. Asubuhi nimenunua umeme nawasha, menyu ya GRUB (kale kaprogramu ka Linux kanakokuuliza ufungue Windows au Ubuntu) inatokea vizuri tu, Windows inafunguka, Ubuntu ndo inabaki skrini nyeusi. Nikasema basi ngoja niifute nirudishiwe nafasi yangu, nikaingia Disk Management (programu ya Windows ya kugawia diski) nikafuta patisheni ya Linux, yaani kipande cha diski ilichokalia, bila kumuuliza mtu. Nawasha tena, nakuta limeandikwa neno moja tu, grub>, na kimstari kinapepesa.

Nilikaa siku mbili naamini ripoti yangu ya fildi imekufa. Kumbe GRUB ina vipande viwili, kimoja kinakaa kwenye kipatisheni cha EFI, kile cha mafaili ya kuwashia mashine (mara nyingi MB 100), na hicho ndo mashine inakianza ikiwaka, kingine chenye menyu kinakaa ndani ya Linux kwenyewe. Mi nimefuta cha pili, cha kwanza kimebaki kinamtafuta mwenzake. Windows ilikuwa nzima muda wote! Dawa ilikuwa kuandika exit na kubonyeza enta, na ikikataa unazima, unawasha huku unagonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia, HP ni F9, Dell na Lenovo nyingi ni F12, unachagua Windows Boot Manager, basi umeingia.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, kopi mafaili yako ya maana kwenye diski ya nje, afu fungua Disk Management na uipige picha kwa simu. Usicheke, hiyo picha itakusaidia. Jifunze kuzitambua patisheni kwa ukubwa wake. Ile ndogo ya EFI usiiguse. C unaijua. Recovery, ya kuikarabatia Windows ikiharibika, inakuwa MB 500 na kitu, nyingine inafika GB moja. Ya Linux haina herufi, haijaandikwa NTFS (fomati ya Windows), na ukubwa wake ni ule uliokata wewe mwenyewe, na kama uliweka na swap (patisheni ya kuisaidia RAM) zinakuwa mbili. Windows ikikuambia diski hii lazima ifomatiwe kwanza, kataa. Na usitafute GB ambazo hazikuwepo, diski ya GB 256 Windows itakuonyesha kama 238 kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024, na ya 500 inaonekana 465. Kuna kijana aliniletea mashine akidai installesheni imemla GB 18, nikamwambia mdogo wangu hizo hata dukani hukupewa.

Kingine ambacho watu hawakikumbuki ni BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski. Mashine nyingi za Windows 11 zinakuwa zimejifunga zenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft, we huna habari, siku umegusa mambo ya kubuti inakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Andika manage-bde -status kwenye komandi ya admini (Command Prompt, Run as administrator) uone. Kama imewashwa, utafute kwanza huo ufunguo kwenye akaunti yako uuandike kwenye karatasi, sio kwenye mashine hiyohiyo jamani, afu uisimamishe kwa muda kwa manage-bde -protectors -disable C: ndo uendelee.

Sasa unamwondoa GRUB kwanza, ndo unafuta Linux, sio kinyume chake kama mimi. Komandi ya admini, mountvol S: /S, hapo kipatisheni cha EFI kinapata herufi S. Andika S: uingie, cd EFI, afu dir uone kilichomo. Utakuta folda za Microsoft, Boot na ubuntu. Unafuta ya ubuntu peke yake kwa rd /s ubuntu, hizo mbili ukizigusa tutaongea lugha nyingine. Jina la ubuntu linaweza kubaki kwenye orodha ya kubuti, halina madhara, ila likikukera bcdedit /enum firmware itakuonyesha namba yake na unalifuta kwa bcdedit /delete na hiyo namba na mabano yake. Haya yote ni kwa mashine za UEFI (mfumo mpya wa kuwashia mashine), zile za zamani za MBR unabuti na flashi ya Windows unapiga bootrec /fixmbr.

Hapo sasa rudi Disk Management, kliki ya kulia kwenye patisheni ya Linux, Delete Volume, inakuwa Unallocated. Kliki ya kulia kwenye C, Extend Volume, umemaliza. Ikikubali.

Isipokubali, yaani neno limefifia halibonyezeki, angalia picha yako. Windows inaweza kuiongeza C kwa nafasi iliyogusana nayo upande wa kulia tu. Kikiwepo kitu katikati, hata cha MB 500, ni ukuta. Mara nyingi ni swap uliyoisahau, hiyo futa tu, au ni Recovery, maana Windows ikijipandisha toleo inaweza kukata kipande cha C na kuweka Recovery mpya hapohapo pembeni yake. Hii ya pili ilinisumbua sana kwenye mashine ya dada mmoja wa ofisini. Usiifute. Piga reagentc /disable (inaizima Recovery kwa muda), piga na powercfg /h off (inazima hibernate), zima, buti na ile flashi ya Ubuntu uliyoinstolia, chagua kujaribu bila kuinstoli, fungua GParted, programu ya kupangia patisheni, isukume Recovery mpaka mwisho kabisa wa kulia, ubonyeze alama ya tiki. Kwa kitu cha MB 500 ni dakika chache, ila waya uwe umekaa vizuri na luku iwe imejaa. Ukirudi Windows unaongeza C, afu reagentc /enable, na reagentc /info ikuambie Enabled. Ile powercfg nayo irudishe on kama huwa unatumia hibernate.

Imebaki flashi yenyewe, ile ya GB 16 ambayo sasa inajionyesha ina MB chache na mnaitupa mkidhani imeungua. Haijaungua. Kwenye komandi ya admini andika diskpart, list disk, select disk na namba yake, clean, create partition primary, format fs=fat32 quick, assign, imerudi. Lakini kabla ya neno clean piga list disk mara ya pili uangalie kinyota kimekaa kwenye ipi na ukubwa wake ni ngapi, maana haikuulizi una uhakika au huna, na disk 0 mara nyingi ndo ya ndani yenye kila kitu chako.