Maswali ya Walimu: Hoja wanazo, Kiingereza cha kuzitolea ndicho hakijaja

Habari za kazi. Nafundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza, shule ya kata mkoani Singida. Darasa lina wanafunzi 68 na kipindi ni dakika 40. Kila nikiitisha mdahalo wanaongea watano wale wale, wengine wanainamisha vichwa. Lakini kwa Kiswahili hao hao wanabishana mpaka kengele inalia. Nifanyeje?

Salama, mwalimu. Nusu ya jibu umeitaja mwenyewe: kwa Kiswahili wanabishana. Basi hoja wanazo. Wanachokosa ni sentensi za kuzitolea na muda wa kujipanga. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ukimwuliza ghafla "What do you think?", inambidi atafute hoja, atafute maneno, apange sarufi, na huku wenzake 67 wanamtazama. Kunyamaza ndiyo njia rahisi.

Anzia ubaoni. Andika vianzio vinne na uviache hapo kipindi kizima: "I think that…", "because…", "For example,…" na "I see your point, but…". Vinne vinatosha. Ukiandika kumi na tano, watavinakili vizuri kwenye madaftari na hawatatumia hata kimoja. Darasa zima livitamke mara mbili tatu. Wakumbushe kuwa sauti ya mwanzo ya "think" ni ile ya "thelathini", na ya "that" ni ile ya "dhahabu". Anayesema "sink" na "zat" aanzie kwenye maneno hayo mawili ya Kiswahili.

Dakika 5 za kwanza ni za mada na vianzio. Dakika 5 zinazofuata wajiandae wawili wawili, kwa Kiswahili wakitaka, ila kila mmoja aandike maneno matatu ya Kiingereza atakayoyahitaji. Maneno, si sentensi: aliyeandika sentensi nzima atasimama kuisoma, na kusoma si kujadili. Kisha dakika 10 za kuzungumza Kiingereza, kwanza na jirani, halafu dawati la mbele ligeuke nyuma wawe wanne. Hapo ndipo penye faida kubwa, kwa sababu wakiwa wawili wawili wanafunzi 34 wanaongea kwa wakati mmoja badala ya mmoja. Kelele zitakuwepo, mwarifu mapema mwalimu wa darasa la jirani. Dakika 15 ni za darasa zima. Makundi yatakuwa 17, hivyo yasikilize manane leo na tisa kipindi kijacho, usilazimishe yote. Dakika 5 za mwisho ni za kusahihisha.

Kwa wale watano wako, tumia vifuniko vya soda au punje za maharage. Katika kundi la wanne kila mmoja ana mbili. Akizungumza anaweka moja katikati; zikimwishia anasikiliza mpaka wenzake nao wamalize zao. Mkimya analazimika kusema, na msemaji anajifunza kuchagua lipi la kusema.

Baada ya kama wiki tatu futa nusu ya kila kianzio, ubaki na "I see…". Baadaye futa vyote. Walimu wengi huviacha hadi mwisho wa muhula, na wanafunzi hawapati sababu ya kuvihifadhi kichwani.

Wanafunzi wangu wanasema "I am agree", "Me I think", "According to me". Nikiwasahihisha hapo hapo wananyamaza. Nikiacha, makosa yanaota mizizi. (Mwalimu, Morogoro)

Usimkatize mtu aliye katikati ya hoja. Mkatize tu kama maana imepotea kabisa, na hata hapo uliza, "Do you mean…?". Mengine yaandike pembeni, chagua matano yanayojirudia, yaweke ubaoni mwishoni bila kutaja aliyeyasema, kisha wawili wawili wayarekebishe wenyewe.

Yaeleze kwa asili yake, maana mengi yana mantiki. "Me I think" ni "Mimi nafikiri" iliyovaa Kiingereza: Kiswahili kinaruhusu "mimi" pamoja na "na-", lakini kwa Kiingereza "I" peke yake inafanya kazi zote mbili. "I am agree" inatokana na kuzoea "I am happy", "I am ready". Mwambie "agree" ni kitenzi kama "eat", na hakuna asemaye "I am eat". "According to" hutaja chanzo kingine: "According to the teacher". Kwa maoni yako mwenyewe ni "In my opinion". Angalieni pia "he" na "she". Kwetu "amesema" haibagui jinsia, kwa hiyo mwanafunzi humjibu mvulana kwa "she said", darasa likacheka, naye asinyanyue mkono tena wiki nzima.

Na tuseme wazi: kumvisha kibao shingoni mtoto aliyeongea Kiswahili hakufundishi Kiingereza. Kunamfundisha kufunga mdomo.

Nalea klabu ya mdahalo ya Kidato cha Tatu. Kila msemaji anasoma hotuba yake na kuketi. Hakuna anayemjibu mwenzake.

Tazama mada kwanza. "Education is better than money" imekaririwa miaka mingi na hotuba zake zinarithishwa. Chukua jambo linalowagusa na linaloweza kuamuliwa: "Form One students should not fetch water in the morning." Pande zipangwe kwa kurusha sarafu dakika 10 kabla. Hapo hakuna hotuba ya kukariri.

Kisha weka sharti: hakuna anayetoa hoja yake kabla ya kurudia ya aliyemtangulia. "Juma said that Form Ones have more time. I see it differently, because…" Akirudia vibaya, Juma ana haki ya kumrekebisha. Kwa kujibu, wape maswali matatu ya kuipima hoja: "Is it true? Is it always true? Does it matter?" Hoja ya Juma inaanguka kwenye la pili, kwa sababu wiki ya zamu ya usafi Kidato cha Kwanza ndio wanaochelewa.

Wafundishe pia kupinga bila kuvunja heshima. "You are wrong" inamlenga mtu; "I'm not sure about that point" inalenga hoja. Watoto waliolelewa kutomkatalia mkubwa hupinga kwa uhuru zaidi wakiwa na sentensi ya aina hiyo.

Alama zifuate kazi hiyo. Kati ya 10, toa 2 kwa hoja, 2 kwa sababu, 2 kwa mfano na 4 kwa kumjibu mwenzake. Tangazeni mgawanyo huo kabla ya mdahalo, na sarufi ipimwe siku nyingine.