Mkataba wa kuchuma matunda ng'ambo

SWALI: Mwanangu amepata wakala anayemwahidi mkataba wa miezi sita kuchuma matunda ng'ambo. Sehemu ya mshahara itakatwa iwe akiba, alipwe akisharudi. Mambo haya yalishawahi kufanyika?
Mama, Likoni

JIBU: Shikamoo mama. Hiyo akiba ndiyo iliyonishtua.

Mwaka 1942, vita vikiwa vimepunguza watu mashambani, Marekani ilikubaliana na Meksiko iletewe vibarua wa muda. Mpango huo, Bracero, uliendelea hadi 1964, na mikataba kama milioni 4.6 ilitiwa saini. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri: ujira, malazi, nauli ya kurudi. Lakini walipopokelewa, wanaume wengi walivuliwa nguo wakanyunyiziwa DDT, dawa ya kuua wadudu. Shambani wengi walipewa jembe la mpini mfupi, wakashinda wameinama kutwa. Na miaka ya mwanzo walikatwa asilimia 10 ya mshahara, eti akiba yao. Wengi hawakuiona. Miaka ya 2000, wakiwa wazee wa mikongojo, bado walikuwa wakiidai.

Marehemu babangu alikuwa kibarua Kilindini. Kila karatasi ya malipo aliitia kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda, na mkebe huo ulimwokoa siku aliyopunjwa.

Basi mwanao asitie saini asichokielewa. Kwanza ahakikishe wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Akifika, pasipoti asimwachie mtu. Nakala ya mkataba ibaki kwako, mama, hapo Likoni.