Kabla hamjauza kiwanja kwa ajili ya dawa mpya ya miasthenia, ulizeni kwanza ana kingamwili zipi

Mdogo wangu uliyeuliza kuhusu dada yako wa miaka 27 aliyekutwa na miasthenia gravis (MG), huu ugonjwa wa misuli kuchoka, mwezi uliopita, ukasema umeona video kwamba wazungu wamepata sindano ya kuumaliza huu ugonjwa na familia inafikiria kuuza kiwanja mumpeleke India, tangu jana naandika nafuta. Mi ninao mwaka wa tisa sasa. Sio daktari, ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, ila huu ugonjwa nimeusoma kuliko nilivyosoma chuo.

Wangu ulianza hivi, asubuhi nafundisha vizuri tu, kipindi cha tatu mkono wa chaki unashuka wenyewe, kipindi cha sita sauti inatokea puani wanafunzi wanacheka. Jioni ulimi mzito mpaka jirani akamwambia mume wangu siku hizi mkeo anakunywa, na mi hata bia sijawahi kuonja. Nyama nilikuwa natafuna huku nashikilia taya kwa mkono. Nimetibiwa taifodi, nimepewa miwani, nimepelekwa kwa mtumishi akasema kuna mtu kazini kanifunga ulimi. Aliyegundua ni daktari mmoja kijana, alimtuma nesi nje akanunue barafu ya mfuko, zile za watoto, akaiviringisha kwenye kitambaa akaniwekea juu ya jicho ambalo kope ilikuwa imelala, dakika mbili. Alipoitoa kope ikawa juu! Akanipiga picha kwa simu yangu mwenyewe ili nione. Baada ya muda ikashuka tena. Barafu yenyewe ilikuwa ya ukwaju, nesi akaniambia nisiitupe ina hela ya watu.

Sasa nikueleze ugonjwa wenyewe maana bila hapo hizo habari za utafiti hutazielewa. Neva ikitaka msuli ufanye kazi inamwaga kemikali inaitwa asitilikolini, ni kama inapiga hodi, na kwenye msuli kuna vipokezi ambavyo ndo milango. Kwa sisi kinga ya mwili imegeuka inapigilia milango misumari, na hiyo misumari ndo kingamwili. Kwahiyo hodi inapigwa lakini milango inayofunguka ni michache, na kadri unavyorudia kutumia huo msuli ndo unazidi kuchoka. Mestinon anayomeza dada yako haing'oi msumari hata mmoja, inachofanya ni kumchelewesha anayepiga hodi asiondoke haraka, ndo maana baada ya masaa matatu manne unarudi palepale. Hiyo akili ilianzia London mwaka 1934, daktari Mary Walker aliona hawa wagonjwa wanafanana na mtu aliyepigwa kurare, sumu ya mishale inayolegeza misuli, akawajaribu na dawa ya kuondoa hiyo sumu. Na dawa yenyewe, fizostigmini, asili yake ni maharage ya Calabar kule Nigeria ambayo zamani watu walikuwa wanaapishwa nayo, ukitapika umepona ukifa ulikuwa mchawi. Tumetoka mbali asee.

Kwamba ni kinga ya mwili ndo inafanya haya, John Simpson wa Glasgow alilisema 1960 lakini ushahidi ulikuja 1973, tena kwa bahati. Patrick na Lindstrom kule California walichukua vipokezi kutoka kwa samaki wa Amerika Kusini anayepiga shoti, wakawachoma sungura sindano yenye vipokezi hivyo ili watengeneze kingamwili za kufanyia kazi zao za maabara. Sungura wakalegea. Wakawapa dawa ya jamii ya hii Mestinon, sungura wakainuka. Hiyo habari huwa naipenda sana sijui kwanini.

Sasa sikiliza hapa ndo penye jibu lako. Wengi wetu, kama 85 kati ya 100 kwa ambao ugonjwa umeenea mwili mzima, tuna kingamwili zinazoshambulia hivyo vipokezi, wanaandika AChR. Mwaka 2001 ikagundulika wengine wana kingamwili za kitu kingine kwenye msuli kinaitwa MuSK, baadae 2011 ikaja LRP4, na wapo ambao vipimo haviwakuti na chochote. Ugonjwa jina ni moja ila tiba haziendi sawa. Mwenye MuSK mara nyingi Mestinon haimsaidii kivile, kutoa tezi ya thaimasi, ile ya kinga iliyoko kifuani, hakuonekani kumfaa, lakini rituksimabu, dawa inayopunguza seli zinazohusika kutengeneza kingamwili, wengi wao inawakubali vizuri. Mwenye AChR mambo ni karibu kinyume. Kwahiyo mtu akikuuliza dawa mpya ni ipi, na we muulize kwanza ya nani. Mi sampuli yangu ilisafirishwa nje ya nchi, nikasubiri wiki kadhaa, hela iliuma kweli, lakini hakuna kipimo kilichoniokolea hela kama kile.

Hiyo sindano uliyoona nadhani ni mojawapo ya kundi jipya, efgatigimodi iliruhusiwa Marekani Desemba 2021. Inavyofanya kazi ni hivi, zile kingamwili mwilini haziharibiwi ovyo, kuna kipokezi kinaitwa FcRn kinaziokoa na kuzirudisha kwenye damu, kama chupa za soda zinavyorudi kiwandani kwenye kreti zikajazwe upya. Dawa inamzuia mrudisha kreti, chupa zinavunjwavunjwa huko huko. Tatizo haichagui, kingamwili nzuri nazo zinashuka. Na sio mara moja umemaliza, ni dripu moja kila wiki kwa wiki nne, unapumzika, dalili zikirudi unaanza tena. Ilijaribiwa kwa watu 167 huko Ulaya, Amerika Kaskazini na Japan, na ilipotoka iliruhusiwa kwa wenye AChR tu. Rozanoliksizumabu ya 2023 ndo ilikuja kuwachukua na wa MuSK. Lipo kundi jingine linalozuia komplimenti, yaani ile sehemu ya kinga inayotoboa msuli, ekulizumabu ilitangulia 2017, hiyo mwenye MuSK haimhusu kabisa na lazima uchanjwe kwanza chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Halafu kuna ile ya kuchukua seli zako mwenyewe wanazifundisha maabara wanakurudishia, hiyo bado iko kwenye majaribio. Bei za hizi kwa Marekani ni mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka. Kiwanja kitakwisha dada yako hajafika mzunguko wa tatu.

Halafu utafiti ulionisaidia mimi wala haukuwa wa dawa ya bei mbaya. Tezi ya thaimasi walikuwa wanaitoa tangu enzi za Blalock, daktari mpasuaji wa Marekani, miaka ya 1930 lakini kwa asiye na uvimbe kwenye tezi hiyo walibishana miaka yote mpaka 2016 yalipotoka majibu ya wagonjwa 126, nusu walipasuliwa na kupewa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, nusu prednisoloni peke yake, wakafuatiliwa miaka mitatu, waliopasuliwa wakawa na nguvu zaidi na wakatumia prednisoloni kidogo. Wote walikuwa na AChR. Mi nilifunguliwa kifua na usitegemee uamke mzima, mwaka wa kwanza nilikuwa najuta, mwaka na nusu ndo nikaanza kutoka vidonge 6 vya Mestinon kwa siku mpaka 3. Azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, nayo ni hivyo hivyo, miezi mingi hujaona kitu unadhani unameza chaki.

Macho yangu lakini hayakurudi yote, kulia bado naona viwili. Nilidhani ni mimi tu mpaka nikasoma kazi za Jeannine Heckmann na wenzake wa Cape Town, wamefuatilia vijana wenye asili ya Kiafrika ambao mwili unakubali dawa ila misuli ya macho inagoma. Ningependa watu wengi zaidi watuangalie sisi hivyo.

Na hili usilipite. Mwaka wa tatu nilipata UTI, nikaenda duka la dawa la mtaani nikapewa antibiotiki ya sipro, sikusema nina MG. Usiku wa pili mate hayamezeki, kufika hospitali nikawekwa kwenye mashine ya kupumulia siku sita. Sipro, azithromaisini, gentamaisini, kwinini, hizo ni dawa za hatari kwetu, mwambie dada aziandike kwenye karatasi aweke kwenye pochi, na kwa umri wake akishika mimba aongeze kwenye orodha hiyo ya hatari magnesiamu, ile dripu ya kifafa cha mimba, daktari wa uzazi ajue mapema kabisa.

We niambie tu mambo mawili, majibu ya damu yalisema AChR au MuSK au hawajapima, na amepigwa CT ya kifua kuangalia hiyo thaimasi? Na kama ndo ameanza prednisoloni wiki hizi msimwache peke yake, wiki mbili za mwanzo mi ilinilegeza kwanza kabla ya kuninyanyua.