Kuufuata mwaka wa Kiswahili nyumbani: hesabu, pepo, maji na mwili

Ndugu mleta uzi, umeuliza mambo mawili: kwa nini tarehe ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa Kiswahili huko Makunduchi, Unguja, haitulii, na mtu anayeishi mbali na Makunduchi anawezaje kuufuata mwaka wa Kiswahili nyumbani kwake, kwa faida ya mwili na nyumba. La pili halieleweki bila la kwanza, kwa hiyo tuanze na hesabu.

Mwaka wa Kiswahili asili yake ni ya Kiajemi, ndiyo maana huitwa pia Nairuzi. Una siku 365 kamili. Huhesabiwa kwa makumi: kila siku kumi ni mwongo mmoja, miongo 36 inatimiza 360, na siku tano zilizobaki hufunga mwaka. Siku ya mwisho kabisa ni kibunzi, na kesho yake ndiyo Siku ya Mwaka. Hauna ile siku ya ziada ya Februari, kwa hiyo kila baada ya miaka minne unarudi nyuma siku moja ukiulinganisha na kalenda ya ukutani. Siku hizi Siku ya Mwaka huangukia nusu ya pili ya Julai. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa mwishoni mwa Agosti.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanachukua maneno ya mabaharia wa zamani, kwamba siku fulani ya Nairuzi upepo fulani huingia, wanayatumia leo kama yalivyo. Fanya hesabu mwenyewe. Mwaka ukianza tarehe 29 Agosti, siku ya 100 ni tarehe 6 Desemba, kaskazi inaanza kushika. Ukianza tarehe 23 Julai, siku ya 100 ni tarehe 30 Oktoba, na hapo ni vuli, upepo bado haujajua uende wapi. Namba ni ileile, majira ni mengine. Ushauri wangu: tumia miongo kugawa mwaka wako, kwa sababu siku kumi ni kipimo kizuri cha kazi za nyumba, lakini mabadiliko ya majira yasome kwenye upepo na nyota.

Upepo ni rahisi. Funga kitambaa chepesi juu ya kijiti mahali pa wazi, mbali na ukuta, uangalie saa moja asubuhi na saa kumi jioni. Asubuhi peke yake hudanganya, maana umande, yaani upepo wa asubuhi kutoka nchi kavu, huufunika upepo wenyewe. Kitambaa kikielekea kusini-magharibi jioni saba mfululizo, kaskazi imeingia, kwa kawaida Desemba, nayo hukaa hadi Machi. Kikielekea kaskazini, ni kusi, ambayo hushika tangu Aprili au Mei na huwa na nguvu Juni na Julai. Kinapogeuka kila siku mko kwenye tangambili. Usiseme majira yamebadilika kwa siku mbili tu za upepo.

Nyota ya kuangalia ni Kilimia, kile kikundi kidogo ambacho jina lake limetokana na kulima. Mwisho wa Aprili huzama magharibi mara tu baada ya jua, kisha hupotea kabisa kwenye mwanga, na Juni huonekana tena mashariki kabla ya alfajiri. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia hakikosei tarehe, ila mvua haikifuati kila mwaka, kwa hiyo andika daftarini siku uliyokiona mara ya mwisho na hali ya mvua. Baada ya miaka mitano utakuwa na rekodi ya mahali pako, nayo itakufaa kuliko maneno ya mtu yeyote.

Sasa kuoga mwaka. Kogwa ni kukoga: watu huingia baharini usiku au alfajiri ya Siku ya Mwaka kuuacha uchafu wa mwaka uliokwisha. Zamani hata moto wa jikoni ulizimwa, ukawashwa mpya kwa kupekecha vijiti. Makunduchi wanaume hupigana kwa vigogo vya mgomba. Kigogo hicho ni laini na kimejaa maji. Kinapiga kwa kishindo lakini si rungu, ndiyo maana kinafaa kwa watu wanaotaka kumaliza chuki na kubaki ndugu. Kibanda cha makuti kinachochomwa hubeba maana ya moto ule mpya, na wanawake huzunguka wakiimba. Ukiwa mbali na haya yote, maji na moto ndivyo vya kushika: oga alfajiri, toa majivu yote ya jiko, piga deki, washa upya.

Ukienda baharini kweli, jua maji kwanza. Kwenye pwani ya Unguja siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili zinazofuata, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, hukauka karibu saa nne. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, mpaka maji mafu yafike, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu, nayo hayana haraka. Upande wa mashariki wenye mwamba, hatari ni kutembea mbali maji yakiwa yamekupwa: yakianza kujaa hupitia milango ya mwamba na kukuzunguka kwa nyuma kabla hujayaona mbele. Julai kusi inasukuma mawimbi, kwa hiyo oga ndani ya mwamba, maji yasipite kiuno, wala usioge peke yako. Vaa viatu vya plastiki kwa ajili ya miiba. Ukitoka jisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi ikikaukia mwilini inawasha.

Kwa mwili, kipupwe ndicho kinachodharauliwa zaidi. Juni hadi Agosti kuna baridi na upepo mkavu, watu wanafunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa chumbani. Usifanye hivyo hata usiku mmoja. Moshi unaouona si ule unaoua. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na mtu hulala asiamke. Chetezo cha udi nacho kina mkaa: fukiza nguo sebuleni dirisha likiwa wazi, kisha kitoe nje kabla ya kulala.

Kwa mafua, mafusho husaidia pua kufunguka. Lita 2 za maji yaliyochemka, konzi moja ya mchaichai au majani machache ya mkaratusi, bakuli pana lililowekwa juu ya meza isiyotikisika. Subiri dakika mbili, jifunike taulo, uso uwe sentimita 30 juu ya maji, macho yamefumbwa, dakika 5 hadi 10. Watoto wadogo wasifukizwe. Ajali nyingi ni za bakuli kupinduka mapajani. Na homa haifukizwi. Homa hupimwa malaria, siku hiyohiyo.

Masika, kazi ni maji. Mbu huchukua kama siku 7 hadi 14 kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo ukimwaga vyombo vyote vya nje kila baada ya siku 5, yaani mara mbili kwa kila mwongo, hakuna atakayekomaa hapo. Maji ya kunywa yachemke sawasawa kwa dakika moja, yafunikwe, yachotwe kwa kata yenye mpini.

Kaskazi inaleta vipele vya joto, na dawa yake ya kale ni liwa, mti wenye harufu nzuri unaosuguliwa na kupakwa. Nunua kipande cha mti, maana unga wa dukani huchanganywa na vitu vingine. Sugua kwenye jiwe safi lenye kukwaruza, ukidondoshea matone ya maji au marashi ya mawaridi, mpaka upate nusu kijiko cha chai. Jaribu kwanza kwenye kiwiko kwa ndani, ungoje siku moja. Paka utando mwembamba dakika 20, uoshe kabla haijapasuka. Ukipaka nene inavuta ngozi na kuiacha kavu kuliko mwanzo. Usipake palipochubuka wala kwenye usaha. Vipele vikizidi baada ya siku tatu, acha liwa, vaa pamba tupu, oga mara mbili bila sabuni ya manukato, na mtu wa hospitali avione.