Mkuu, usichukue moto (umeme) wa miguu ya droni kwenye risiva

Weka chini hiyo solda kwanza, halafu ndio usome.

Nimepitia uzi wako mpaka pale unaposema kesho unaibana ile swichi ya mwisho wa safari ya mguu, unaunga miguu ya kupanda na kushuka moja kwa moja kwenye risiva (kipokezi cha rimoti) kama mdau wa hapo juu alivyokushauri, kisha unakwenda kujaribu ufukweni Luchelele. Hexa (droni ya propela sita) ya 6S, yaani betri ya seli sita, mguu wa kulia unapanda freshi, wa kushoto unaishia nusu na kutetemeka. Ukauliza pia spea zinapatikana wapi hapa Mwanza, na unatuaje mguu mmoja ukigoma kushuka. Hayo mengine yana muda wake. Hilo la kesho ndilo limenitoa kitandani.

Hivyo hivyo unavyotaka kufanya ndivyo hexa yangu ilivyoingia ziwani. Nasema ziwani, sio ufukweni. Hivi sasa kuna sangara kule anamiliki gimbal (kishikio cha kutuliza kamera) nzuri kuliko wapiga picha wengi wa harusi hapa mjini.

Aliyenishauri alikuwa fundi mmoja wa mjini, fundi simu kwa kweli, ila alikuwa na ile sauti ya mtu asiyeshindwa na kitu. Akaushika mguu, akauchezesha, akasema, "Bosi, hii mota haipati moto wa kutosha, na hiki kiswichi ndicho kinachokuzuia." Akachukua kibanio, akaukunja ule ulimi mwembamba wa swichi mpaka ukalala, akatia tone la gundi juu yake. Waya za miguu akazichomeka kwenye risiva. Pale mezani miguu ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, vijana wawili waliokuwa wanasubiri simu zao wakapiga makofi. Akanichaji hela ya ufundi na juu yake hela ya "utaalamu". Nikatoa na asante nikasema.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinatokea mle ndani, maana mdau wako hajakwambia.

Kile kiswichi hakimzuii mtu. Kazi yake ni kukata moto wa mota mguu ukifika mwisho wa safari yake. Ukikibana, mota haina habari kwamba imefika, inaendelea kusukuma chuma ambacho hakiendi popote. Na mota inayosukuma bila kuzunguka inakula ampea nyingi kupita wakati mwingine wowote. Hapo unazo mbili, kushoto na kulia, zote zinanyonya kutoka BEC (kifaa cha kushusha volti za betri) moja ndogo ya volti 5, ambayo hiyo hiyo inalisha risiva, GPS na kontrola ya ndege, yaani ubongo wa droni. BEC inaanza kuchemka. Ikishachemka vya kutosha inajizima ili isiungue. Au kabla hata ya kujizima, volti zinashuka, risiva inakata, kontrola inajiwasha upya. Na kontrola ikijiwasha upya ikiwa hewani, propela zinasimama. Zote sita.

Ndiyo maana mezani kila kitu kilikuwa shwari. Fundi alikuwa anapandisha na kushusha haraka haraka, mota haikupata nafasi ya kubaki imekwama. Kamera ilikuwa imezimwa, na mtambo wa kurusha video vilevile, kwa hiyo mzigo ulikuwa mdogo. Kule juu ya maji nilipandisha miguu, nikaiacha juu ili kamera izunguke bila kuona kaboni ya miguu, nikawa nafuatilia mtumbwi wa wavuvi uliokuwa unarudi. Picha ikaganda kwenye skrini. Nikainua macho nikaiona inashuka wima, kimya, bila kuyumba hata kidogo. Mvuvi mmoja akanifuata pale mchangani akaniuliza, "Mwanangu, ile ndio inatua au?" Nikamwambia ndiyo, inatua.

Fundi nilimrudia. Akasema lazima itakuwa upepo.

Sasa sheria ni moja, na hii hata uniamshe usiku nitaitaja: miguu iwe na BEC yake peke yake. Isichangie moto na risiva wala kontrola. Bei ya BEC ya ampea 5 haifiki hata jozi ya propela za kaboni. Angalia tu iwe inakubali 6S, kwa sababu betri ya 6S ikijaa ni volti 25.2, na vile vidogo vingi vinaishia 4S. Ukikilazimisha kinatoa moshi siku hiyo hiyo.

Kuunga sio kazi. Kwenye ile plagi ya waya tatu inayotoka mguuni kwenda kwenye kontrola, chukua ncha ya sindano, inua taratibu kile kiplastiki kilichoulalia waya mwekundu, uvute, utatoka na pini yake. Uzungushie nailoni tepu. Huo mwekundu sasa unaupeleka kwenye BEC mpya. Waya wa signo unabaki palepale. Mweusi nao UNABAKI kwenye kontrola, na mweusi mwingine unatoka BEC kwenda mguuni. Usije ukajifanya mjanja ukautoa mweusi ukidhani sasa una moto wako mwenyewe. Signo bila hasi ya pamoja itaufanya mguu ucheze kama mtu mwenye malaria, halafu utarudi hapa kufungua uzi mwingine.

Ukitaka kujiridhisha kwamba sikutishi, TOA PROPELA ZOTE, washa kamera na kila kitu, shikiza mita kwenye tundu la risiva lisilotumika, plasi na hasi, kisha pandisha miguu. Ukiona volti 5 inayumba wakati mguu wa kushoto unatetemeka, umeshapata jibu. Mita za kawaida ni nzito kidogo, mdondoko wa ghafla zinaukosa, kwa hiyo kama unatumia ArduPilot (programu ya kontrola) fungua logi uangalie Vcc, yaani volti zinazoilisha kontrola. Pale haifichiki.

Na ulimi wa swichi kama ulishaukunja, unyooshe. Kama umevunjika, swichi mpya. Usiniambie habari za gundi.

Ubovu wenyewe wa mguu wa kushoto wala sio mkubwa. Badilishana plagi za miguu miwili. Tatizo likihamia kulia, ni signo au moto. Likibaki kushoto, ni mguu wenyewe: mchanga kwenye skrubu ndefu, bomba limepinda, au kuna nati umeikaza mno. Wewe unatulia mchangani Luchelele kila wikiendi, mimi ningeanza na mchanga. Mswaki mkavu. Grisi usipake, inaushika mchanga na kuusagia meno. Na usiuzungushe mguu kwa mkono kwa nguvu, gia za namna ile hazirudi nyuma kwa kusukumwa, zinavunjika.

Kuna mtu ameandika hapo juu kwamba "mbona 2018 droni ilikuwa inatoka Mwanza mpaka Ukerewe na dawa, kilomita 60 kwa dakika 40, na haikuanguka". Ndugu, ile ilikuwa Wingcopter, droni ya kampuni ya Kijerumani, na nyuma yake kulikuwa na timu ya wahandisi. Mleta uzi ana solda ya kuazima.

Lile la spea wenyeji wengine watakujibu, mimi zangu huwa naagiza nje na kusubiri. La kutua na mguu mmoja nilikuwa na maelezo marefu lakini zamu yangu inaanza sasa hivi. Kesho usiende Luchelele. Ukimaliza kuunga BEC, piga picha ile plagi waya mwekundu ukiwa umetoka, itupie hapa kabla hujafunga propela hata moja. Nitaiangalia saa ya chai.